Afande Aliyekuwa Anarudi Nyumbani

Wacha nianze na aibu yenyewe ili iondoke katikati yetu: nilijikojolea. Wala sikuwa mtoto wa kunyonya, ndugu zangu. Sauti ilikuwa inaanza kuvunjika, na tayari nilikuwa naiba mafuta ya nywele ya mama ili wasichana wanione. Nilijikojolea mchana kweupe, kwenye benchi la mbele, watoto karibu wote wa kambi wakiwa wanatazama, kwa sababu ya mtu wa kwenye televisheni ambaye hata sura hakuwa nayo vizuri. Pua yake ilikuwa pembetatu.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juzi nilinunua mashine ya gemu, mtumba, na ikishapata moto inatoa harufu ya vumbi linaloungua, na nyuma ya hiyo kuna kitu kama plastiki na jasho la mikono ya mtu mwingine. Mke wangu anafungua dirisha. Mimi naegemea karibu zaidi, navuta pumzi kama mgonjwa wa mafua juu ya beseni la maji moto. Mabeseni nayajua. Ndiyo ninayouza pale soko la Kikuubo, Kampala, mabeseni na ndoo na vikombe vya plastiki, maana shule niliiacha katikati, ama yenyewe iliniacha, bado tunabishana.

Basi, jioni nikifunga duka nacheza, na kwa kuwa hakuna mtu nyumbani anayetaka maoni yangu, nawapa nyinyi. Gemu ya kwanza ni ya mpira. Nzuri. Ila mwanangu wa darasa la tatu ananifunga huku anakula mhogo, kwa hiyo nimeamua refa wake amekula rushwa. Ya pili ni ya kukimbiza magari. Hiyo sikuipenda. Barabara haina shimo hata moja, hakuna ng'ombe, hakuna boda boda inayokujia upande wako, na mtu wa Kampala ukimpa barabara kama hiyo analala kwenye usukani.

Ya tatu ni ya hadithi. Unatembea na watu wako kwenye mvua nzuri sana, mpaka unasikia viatu vimelowa. Halafu mmoja anapata taabu, skrini inasimama, inakuuliza: umwokoe, ama umwache? Na inangoja! Unaweza kwenda jikoni, ukanywa chai, ukarudi, bado inakungoja. Mimi nimeokoa wote. Nimeokoa mpaka yule mwizi. Mke wangu alipita akasema, "Baba Joan, wewe unacheza kama mchungaji." Nikacheka, halafu nikazima mashine. Nikabaki na padi ya kuchezea mkononi, nawaza: sisi nani alituuliza?

Sisi tulikuwa watoto wa kambi ya polisi. Nyumba za mabati, za mviringo, zimepangwa kama masufuria yaliyofunikwa, na jua likipanda unapikwa vizuri. Wazazi walitoka kila upande wa nchi, kwa hiyo lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili, kile chetu cha kuvunjavunja, unatia Luganda hapa, Kiingereza pale, watu wanaelewana. Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya polisi. Yeye hakutumwa popote. Baba za wengine walitumwa kaskazini, kwenye vita, na kambini tulizoea: gari inapakia, mama zinapunga mkono, maisha inaendelea.

Nje tu ya geti kulikuwa na kibanda cha Ankal Mutua. Mkenya huyu alikuja Kampala kuuza viatu vya mitumba, biashara ikamshinda, akabaki na televisheni moja, mashine moja ya gemu, na tumbo lake. Alikuwa na diski chache tu. Moja ilikuwa ya hadithi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na matatizo, kwa sababu maandishi yake yalitoka huko Japani. Yalionekana kama kuku amepita kwenye unga.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, kama hamkukulia Kampala. Kwenye kibanda cha video, filamu haionyeshwi hivihivi. Kuna mtu anaitwa veejay. Anakaa na maikrofoni, anawaambia watu kwa Luganda kinachoendelea, na anaongeza chumvi mpaka sufuria inalia. Jambazi wa Hong Kong anapewa shamba Masaka. Watu wanalipia veejay kuliko filamu. Kwa hiyo sisi kuangalia hadithi bila mtu wa kuisema tuliona ni kama kula posho kavu, ugali bila mboga.

Kato alikuwa mchezaji wetu. Mama yake alikuwa polisi, yeye alikuwa na vidole kama vya mshona viatu, na hakuwa anapenda kuongea. Mimi vidole vyangu ni vya kubeba mizigo. Lakini mdomo, banange, mdomo nilipewa. Siku moja Kato anacheza, mtoto mmoja nyuma akauliza, "Huyu mwenye koti refu iko nasema nini?" Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikaliweka mdomoni kama maikrofoni, nikasema: "Huyu ni Afande! Ametoka kazini! Mshahara hawajamlipa, na buti inambana!" Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Ankal Mutua mwenyewe akapiga meza, akasema, "Haki, huyu mtoto asitoke hapa." Nikawa veejay wa gemu, bila kujua herufi moja ya Kijapani. Kiingereza chenyewe kilikuwa kinanisumbua.

Akello alikuja baadaye kidogo. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, na baba yake, koplo, alikuwa mmoja wa wale waliopakiwa kwenda kaskazini. Wasichana hawakuwa wanaingia kwa Ankal Mutua. Yeye aliingia tu, akageuza jerikani, akakaa. Hakucheka tulipocheka. Alimwangalia yule mwenye koti kwa muda, akaniuliza, mimi, si Kato:

"Anaenda wapi?"

"Nyumbani," nikasema. Nilisema tu. Mtu wa gemu lazima aende mahali.

"Nyumbani wapi?"

"Si hapa hapa Kampala! Anatoka kaskazini. Ako na mtoto msichana, mkaidi, hawezi kuchota maji mpaka apigiwe kelele."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Alivuta jerikani mbele, mpaka magoti yake yakagusa meza ya televisheni, na kuanzia hapo kila siku akitoka shule alikuwa pale kabla yangu.

Basi ikawa kazi. Kila siku nilipaswa kumsogeza Afande karibu kidogo. Picha ikionyesha theluji, nasema ni pamba ya Lira, imeiva, watu wamechelewa kuvuna. Likitokea joka linatema moto, nasema ni mamba wa Karuma amekula pilipili. "Afande amefika kando ya mto! Maji inapiga kelele! Anaangalia kushoto, anaangalia kulia, hakuna nyani ya kumuibia gonja yake, ndizi yake ya kuchoma!" Akello alikuwa ananirekebisha. "Baba hapendi gonja," anasema polepole, "anapenda mihogo." Nami bila haya: "Samahani wasikilizaji, kumbe ni mihogo!" Wengine hawakuona kitu. Mimi niliona, nikafurahi. Nilijiona kama ndiye ninayeshika usukani wa ile safari.

Shida ilikuwa umeme. Mashine kama ile ilitakiwa kuwa na kadi ndogo ya kuhifadhi pale ulipofika, na Ankal Mutua hakuwa nayo. Umeme ukienda, na Kampala ile umeme ulikuwa mgeni, Afande anarudi mwanzo kabisa. Tunapiga kelele, tunatukana. Akello hakutukana. Aliuliza tu, "Amerudi tena huko?" Nami nasema, "Alisahau kofia." Siku nyingine alisahau sahani ya kulia. Huyo Afande alikuwa na usahaulifu wa ajabu.

Wakati ule wanawake wa kambi walikuwa wanaingia nyumbani kwa kina Akello na masufuria yaliyofunikwa. Wanaingia, wanakaa, wanatoka bila makelele ya kawaida. Mama yake alikuwa anakwenda ofisini kila asubuhi amevaa gomesi safi, lile gauni la heshima, na anarudi amebeba viatu mkononi. Mimi nilidhani kuna mtoto anazaliwa. Nilimuuliza mama, "Mama Akello amejifungua nini?" Mama akanitazama, akanituma chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Halafu Ankal Mutua akaazima jenereta. Ilikuwa Jumamosi, kulikuwa na mechi kubwa jioni na alitaka watu, lakini mchana alituachia sisi gemu yetu. Kwa mara ya kwanza hakuna kitu cha kutukata. Jenereta inanguruma nje, moshi wa petroli unapenya kati ya mbao, tumebanana mpaka mlangoni. Kato anapita kila mahali. Afande anavuka mto, anavuka msitu, tunafika sehemu ambazo macho yetu hayajawahi kuona. Nami nimewaka. Nimemfikisha Luweero, nimemfikisha Bombo, sasa anaona taa za Kawempe, mlangoni mwa Kampala. "Anasikia harufu ya mji! Anauliza, hivi maji imechotwa nyumbani?" Nilimwangalia Akello. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa yanacheka. Mara ya kwanza.

Picha ikabadilika yenyewe. Kato akainua padi, akasema, "Si mimi. Nimeachia." Daraja. Watu wenye nguo nyeusi upande wa pili. Afande akasimama, akaweka mkono kifuani, akapiga magoti. Muziki ukashuka chini kabisa, ule wa kinanda kimoja. Na ile theluji ikaanza kumwangukia.

"Sema, veejay," mtu akasema nyuma.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno, si nawaambia nilikuwa na maneno daima? Amelala. Amechoka. Anatafuta kitu alichoangusha. Yote yalikuwa pale kwenye ulimi. Lakini picha haikunisubiri. Wenzake walikuja wakachimba, wakamweka, wakachomeka upanga wake juu ya udongo, na hakuna mtoto kwenye kile kibanda ambaye hakujua kaburi likoje.

"Veejay, sema! Iko nafanya nini hapo?"

Kopo likaanguka. Nikasikia joto likishuka kwenye paja, likaingia kwenye kiatu. Watoto waliona, wakaanza kucheka, halafu nao wakaacha, kwa sababu Kato alikuwa anabonyeza padi kama mwendawazimu, anasema, "Ngoja, ni vidole vyangu, ngoja, nitamtoa." Akazima, akawasha, tukaanza upya. Jamani, tulicheza mchana wote ule. Kila tulipofika darajani alikufa. Kato alijaribu kupita haraka, alijaribu kupita polepole, alijaribu kumnunulia dawa zote za duka la mle ndani ya gemu. Padi ilikuwa ya kwetu, na ikifika pale haikuwa ya mtu yeyote. Mimi nilikaa na suruali yangu mbichi, bila neno hata moja. Akello alikuwa ameshaondoka, zamani, pale kaburi la kwanza. Jerikani lilibaki limegeuzwa.

Siku chache baadaye lori likaja. Nyumba ya kambi ni ya kazi. Mwenye kazi akifa, watoto wanafunga magodoro. Niliwaona wakipakia kitanda, sufuria, baiskeli ya koplo. Akello alikaa juu ya magodoro, akaangalia upande wa msikiti wa Kibuli, hakuniangalia. Nami nikapiga hesabu ya kitoto, rahisi kabisa: Afande amekufa Jumamosi, lori limekuja wiki hiyo hiyo, kwa hiyo ni mimi. Ningesema kitu, angepita lile daraja. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mchekeshaji, nikaendelea na kazi, lakini kopo sikulishika tena. Kato alinipa, nikasema koo linauma. Liliuma miaka.

Ndiyo maana ile gemu ya mvua nimeipa alama ndogo. Picha safi, muziki safi, ila inamfundisha mtoto kwamba darajani utaulizwa.

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia dukani kwangu kununua mabeseni ya jumla, mama mnene, mkali kwa bei, anagonga kila beseni kwa kidole kusikiliza kama limepasuka. Akanitazama. "Veejay?" akasema. Nikamjua kwa macho. Tulipiga kelele mpaka majirani wa Kikuubo wakaja kuona nani ameibiwa. Nikamwagizia soda, nikamkalisha kwenye ndoo, nikamsimulia gemu zangu zote, nikamfanya acheke kuhusu barabara isiyo na mashimo. Halafu mdomo wangu, ambao hauna breki, ukasema lile jingine. Nikamwambia naomba anisamehe, kwa sababu ya Jumamosi ile, kwamba sikumpitisha Afande pale darajani.

Akello aliweka soda chini. Aliniuliza kama kweli nimebeba kitu hicho miaka yote, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji ya uongo.

"Wewe mjinga," alisema. "Baba alikuwa ameshakufa kabla sijaingia kwa Ankal Mutua hata siku moja. Nilijua. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua. Nyumbani wote walikuwa wamenyamaza, mama, majirani, redio walikuwa wanaizima nikiingia. Mtu mmoja tu alikuwa bado anaongea juu yake. Halafu na wewe ukanyamaza."