Siku Gari Langu Lilipokwama Mbele ya Mama Mkwe

Naungama: gari hili lililoinuka juu ya ardhi, lililotumika Japani kabla ya kufika mtaani kwetu Ziwani, lilinivimbisha kichwa. Jumamosi nilimtembeza mama mkwe mtaani Donholm, mke wangu akiwemo, nikijisifu kwamba halijui matope. Yeye, kwa heshima ya kikwetu, huzungumza nami kupitia mke wangu tu.

Tulisimama kando ya barabara kununua mahindi ya kuchoma. Nikavuta handibreki kwa madaha. Tulipotaka kuondoka, gari likakataa.

"Ni matope," nikatangaza.

Wafanyakazi waliokuwa wakitoka kiwanda cha jirani wakasukuma, mke wangu akasukuma, nami nikakanyaga mafuta hadi moshi ukafuka. Mama mkwe alibaki kiti cha nyuma akitafuna mahindi taratibu. Kisha akafungua dirisha, akamwita binti yake.

"Mwambie mumeo akishushe kile chuma alichokivuta kwa madaha."