Vilima vya Alhamisi

Jirani yetu alipopata safari ya kuhamia Kanada, aliniachia kompyuta yake kuukuu. Nilikuwa nimemaliza kozi ya kompyuta hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nikaiweka juu ya kabati la vyombo na kuifanya seva yangu mwenyewe. Dondoo nilizoandika kwenye simu zilihamia humo kila niliporudi nyumbani, na programu ya bure niliyoipachika ilizihesabu na kuchora grafu: siku ipi nimeandika sana, siku ipi nimenyamaza. Nilitaka kuwa mwandishi, na nilitaka kujua kama kweli naandika au najidanganya.

Siku moja dada yangu mkubwa, yaya kama ninavyomwita, alikuwa ananisuka, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

“Mbona hii laini inalala wiki yote, halafu inapanda kama mulima?”

“Ni Alhamisi, yaya. Siku ya kwenda Mchesi kumchukulia mama vitenge. Mjini kuna mengi ya kuandika.”

“Mi pia naendaka Mchesi. Nanunua, narudi. Fungua tuone.”

Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake, ningekimbilia wapi? Nikafungua. Akasoma kwa sauti: “Anasema mvua ya kwanza inanukia kama chungu kipya. Amekunywa chai bila sukari, akakunja uso. Amecheka.”

Vidole vyake vikasimama. “Amecheka nani?”

Nilijibu kwamba ni muuza chaja wa jirani na duka la vitenge, na nikajisikia uso unawaka. Mpaka dakika ile nilidhani naandika habari za mji.

Mama alikuwa amekwishasimama mlangoni. “Nani njo anacheka?”

“Muuza chaja, mama,” dada akasema. “Iko Mchesi.”

“Iko Muislamu kama sisi?”

“Ndiyo, mama,” nikanong’ona.

“Basi akuje, tumuone akicheka.”

Alhamisi iliyofuata nilimfikishia mwaliko huku nikijifanya nachagua chaja. Jumapili akaja, amepanda kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, tikiti maji amelikumbatia kifuani. Mama alimpakulia bugali na sombe ya majani ya muhogo.

“Zikomo, amayi. Nsima tamu sana,” akashukuru, akichanganya lugha ya kwao na Kiswahili alichookota kwa wateja; nsima ndio ugali wao.

“Hii si nsima, mwanangu. Ni bugali.”

Akaonja tena, akatafakari. “Amayi, hii ni nsima iliyosafiri.”

Mama akacheka kuliko sisi sote, nikajua mambo yamenyooka.

Kisha mgeni akainua macho juu ya kabati. “Ile michoro ni ya nini?”

“Ya mvua,” nikasema haraka. Dada alipaliwa na maji, ikabidi apigwe mgongo.

Jioni nikimsindikiza barabarani, nilishindwa kuubeba ule uongo, nikamweleza ukweli wa vile vilima. Aligeuka akanitazama. Halafu akasema, “Kumbe mtu ananiandika, nami nimekaa kuongea habari za chai!”

Tulioana baada ya mavuno. Shangazi zake walitoka kwao Nathenje wamejaa kwenye pikapu, wakiimba toka barabara kuu, na mama alicheza nao mpaka kilemba kikamdondoka.