Kibuyu cha Shosho

Usiniambie niliota. Ilikuwa mchana, nimeshiba, na niko kazini. Mimi huwatembeza wageni kwenye makumbusho madogo hapa Thika: ndege na vipepeo waliokaushwa, nyoka kwenye chupa, mawe ya kila rangi, mashine kuukuu ya katani, na kabati la vioo lenye vibuyu vya zamani. Ukikaa humo siku nzima unazoea vyote. Aliyenishinda ni shosho mmoja, bibi kizee.

Alikuja mvua ikinyesha, hakuna mgeni mwingine. Ndege hakuwatazama, nyoka hakuwatazama. Alienda moja kwa moja kwenye kabati, akaniambia nimfungulie, kibuyu cha katikati ni chake. Nikamweleza kwa heshima kwamba vitu vya hapa ni vya kutazamwa tu. Akasema sawa, halafu akaomba tena. Nikamwonyesha ilani ukutani. Akasema sawa, halafu akaomba tena. Wewe ungefanya nini? Nikampeleka kwa vipepeo angalau asahau. Kugeuka hivi, amerudi kabatini.

"Mami, mtoto wangu yuko shambani tangu asubuhi," akasema. "Hajakula. Fungua."

Niamini, nilikuwa nimechoka naye. Nikafungua, akishike aende zake. Kibuyu chenyewe kimekauka na kina ufa, hata maji hakiwezi kushika. Akakitikisa, nikasikia kitu kikicheza ndani. Akakiinamisha kidogo, uji ukamtiririkia kiganjani, unafuka mvuke. Akaonja, akaniwekea kibuyu mikononi, na kilikuwa moto.

"Nishikie. Nikamwite."

Akapita nyuma ya ile mashine ya katani. Huko hakuna mlango, ni ukuta. Nilizunguka mashine mpaka nikajigonga goti. Hakukuwa na mtu.

Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha kibuyu kinajaa. Sisimizi wanapanda kwenye vioo. Mkubwa wangu anasema ni mimi ninayeficha chakula mle. Nilipomwonyesha mvuke, aliniuliza jiko nimeliweka wapi. Sasa nimekuwa mwosha kibuyu.

Hayo ningevumilia. Lakini mama mmoja wa mtaa wa Kimbo alimleta binti yake mdogo, Njeri, siku ya mvua. Alimwachilia mkono kidogo tu akitazama mawe. Tulimkuta mtoto mbele ya kabati, midomo imejaa uji, anasema shosho amemwita akampa. Kabati limefungwa, na ufunguo ninao mimi.

Njeri hali tena nyumbani. Ugali hataki, chapati hataki. Mvua ikianza tu, mama yake anamleta mbio na kunifokea mimi, kana kwamba ni mimi ninayepika. Mvua ikikatika, mtoto anakonda. Kiangazi kinakuja, nami sijui nitamwambia nini yule mama.

Kwa hivyo ukitutembelea, karibu sana. Lakini mtoto wako mlishe kwanza, ashibe kabisa. Na ukiwa mle ndani, usimwachilie mkono.