Papa wangu aliitwa jasusi kwa kutuonyesha satelaiti (Kisangani, enzi za uasi)

Wakuu, heshima kwenu. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti hapa, na wiki hii naona mnabishana kuhusu satelaiti. Mimi sina ubishi. Nina mkasa wa nyumbani kwetu, nitausema ulivyo.

Nilizaliwa Kisangani, enzi hizo ikiitwa Stanleyville. Papa alikuwa fundi redio pale mtaa wa Makiso. Mbelgiji aliyemwajiri aliondoka baada ya uhuru, Papa akaendelea na kazi kwenye meza ileile.

Habari za satelaiti alizisikia redioni. Zikamwingia kichwani kabisa.

Kulikuwa na moja kubwa iliyong'aa kama nyota. Baadhi ya jioni ilikuwa ikipita juu yetu giza likianza kuingia, taratibu, bila kelele. Papa akishamaliza kuswali Magharibi anaita majirani uani.

"Haina mutu ndani," anatuambia. "Waliirusha na roketi. Inazunguka dunia mbio sana, njo maana haianguke."

(Vijana, hatukuwa na TV wala nini. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu.)

Kisha, mwaka 1964, waasi wakauteka mji. Ndege za serikali zikaanza kushambulia, kila mtu akawa anaogopa mbingu. Mama akamsihi Papa aache, naye akaacha.

Sasa jioni moja ikatokea inawaka kuliko siku zote. Papa akajisahau. Akanyoosha kidole.

"Ile kule! Inakuja!"

Doria ya waasi ilikuwa inapita barabarani.

"Unaita ndege?" kijana mmoja mwenye bunduki akauliza.

"Hapana, mutoto yangu. Iko satelaiti. Kesho itapita tena. Mungoje, mutaona na macho yenu."

Wakaingia ndani, wakakuta redio na waya mrefu wa antena. Basi, jasusi huyo, wakamchukua.

Mkubwa wao alikubali kungoja hadi kesho. Mimi na Mama tukawafuata mpaka kambini kwao, Simi-Simi, karibu na uwanja wa ndege. Kesho yake jioni tulikuwa ng'ambo ya barabara. Papa alisimamishwa mahali pa wazi, mikono imefungwa, anatazama juu.

Wakuu, mawingu yalikuwa yametanda tangu mchana. Mvua ikaanza.

Nilimsikia akisema, "Bon, iko nyuma ya mawingu. Iko inapita sasa hivi."

Wakacheka. Wakampakia kwenye lori, likashika barabara ya Ubundu. Hatukumwona tena. Kaburi lake hatulijui mpaka leo.

Jioni chache baadaye mbingu ikawa safi, ile kitu ikapita. Asubuhi yake yule kijana wa bunduki akaja kwetu, peke yake. Hakuingia ndani.

"Mama, tumeiona. Ilipita."

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akamuuliza, "Na bwana yangu, mulimuweka wapi?"

Kijana akainamisha kichwa, akaondoka. Mama akaendelea kutwanga, akatwanga, mpaka nikamnyang'anya mchi.

Satelaiti sina chuki nazo. Simu, ramani, taarifa za mvua, vyote navitumia. Nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye hofu na bunduki hausubiri ukweli wako zaidi ya siku moja. Ukiwa na madaraka juu ya mtu, msubiri.

Kama una mzee wako aliyepotea Kisangani kipindi kile, muandike hapa chini tumsome. Wangu aliitwa Ramazani, fundi redio.