Miaka Saba au Kumi na Moja

Tarehe tisa ya Mfungo Mosi, kabla ya adhana ya alasiri, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa na sikoseli tangu utotoni, ule ugonjwa wa chembe za damu kupinda kama mundu na kuziba njia, na safari hii maumivu yalipomshika kifua hayakumwachia tena. Siku ile ile nikaingia edani, hapa nyumbani Ibra, Oman: miezi minne na siku kumi, nguo zisizo na nakshi, bila ya wanja, bila ya udi, bila ya kutoka ila kwa dharura.

Naandika kwa sababu katika miezi hiyo nilipata furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Mimi nimezaliwa Tabora. Nililetwa Oman nina miaka kumi na mbili, na shule yangu ikaishia hapo. Kiarabu nakisema vizuri, kukisoma nakisoma pole pole mno. Mtoto wetu ni mmoja, msichana, na yeye kasoma mpaka walimu wake wakawa wananipigia simu kunipongeza mimi, kama kwamba hesabu nilimfundisha mie.

Wiki mbili baada ya mazishi, shule iliwataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wajaze maombi ya vyuo kwenye mtandao. Aliandikisha namba ya simu ya babake, maana ndiyo iliyokuwemo katika makaratasi yake yote. Akaja kukaa nami chumbani, kompyuta mapajani, akanieleza. Kulikuwa na kozi mbili alizozitaka. Moja ni udaktari wa kawaida, miaka saba. Nyengine ni ya pamoja: unasomea udaktari, katikati unaingia maabara kufanya utafiti wako mwenyewe mpaka upate shahada ya uzamivu, kisha unarudi wodini kumaliza. Miaka kumi na moja. Wanachukua wachache, na lazima upite usaili katika mji wa Nizwa.

"Unaipenda ipi?" nikamuuliza.

"Ya pamoja."

"Basi itie ya pili."

Akanitazama. Nikamwambia kuwa kwetu sisi mtu akikaa kwenye sinia hapeleki mkono kwenye nyama. Anakula wali ulio mbele yake, na nyama inabaki katikati mpaka mkubwa aivunje na kumsogezea. Ukianza na nyama, wenzio wanakuona huna adabu. Na hao wakubwa wa vyuo wakiona mtoto kaanza na kubwa, watasema huyu ana pupa. Anza na ndogo, wao wenyewe watakuona unafaa, watakusogezea kubwa.

Alitazama kompyuta. Kisha akasema, "Haya mama," akabonyeza.

Nilijiona nimemlea vizuri.

Simu ya marehemu niliizima baada ya arubaini. Watu wa mbali waliokuwa hawajapata habari walikuwa wakipiga, na kila mmoja ilibidi nimwambie upya. Niliifunga katika leso nikaitia kabatini chini ya kanzu zake.

Matokeo yalitoka joto likiwa kali. Shangazi yake marehemu, bibi mzaliwa wa Unguja aliyekuja kukaa nami eda yote, aliposikia alama za mtoto alifungua mdomo kupiga vigelegele, akakumbuka msiba, akajitia pembe ya mtandio mdomoni. Tulimtazama akitetemeka mabega. Akautoa mtandio akasema, "Mungu anisamehe, nusura nitie aibu."

Siku chache baadaye mtoto akaitwa usaili. Aliyempeleka ni shemegi yangu, mdogo wake marehemu, anayefanya kazi Sur. Alifika Ibra alfajiri na gari lake, wakashika njia ya Izki kwenda Nizwa. Mimi nilibaki na shangazi. Nilianza kumenya vitunguu nikamenya vingi kuliko vilivyohitajika. Shangazi akasema, "Wee, unapikia kijiji?" Nikachukua chengine. Nilikuwa naona haya kwamba nina hamu ya jambo la kheri humo humo katika msiba.

Walirudi wakati wa chakula cha mchana. Shemegi si maharimu wangu, kisheria anaweza kunioa, kwa hivyo nilipokuwa edani yeye alikaa sebuleni, mimi chumbani na shangazi, na baina yetu pazia la mlango. Mtoto ndiye aliyekuwa akipita huku na huku.

"Shikamoo shangazi. Shemegi, hujambo?" sauti ya shemegi ilitoka nyuma ya pazia. "Mtoto wenu kawamaliza wale wa usaili."

"Marahaba. Kawamaliza vipi?" akauliza shangazi.

Mtoto akaingia, abaya bado mwilini, akasimama katikati ya chumba. Alisema walimuuliza kwa nini hatosheki na udaktari mtupu. Naye akawajibu: baba yangu na ami yangu ni tumbo moja, wote wawili walizaliwa na sikoseli. Baba akilazwa kila baridi ikiingia. Ami hajalazwa hata siku moja. Madaktari walimtibu baba vizuri, lakini hakuna aliyeweza kutwambia kwa nini mmoja aumie namna ile na mwengine asiumie. Mimi nataka kujua kwa nini.

"Yule mzee aliyekaa katikati yao akaweka kalamu chini," akasema. "Akaniuliza, huyo ami yako yuko wapi? Nikamwambia yuko nje kwenye gari, analala."

"Sikulala," ami akasema huko nyuma. "Nilifumba macho."

"Ulikoroma, ami. Askari wa getini alikuja kukutazama."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Na mimi nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile tarehe tisa, na nilipoisikia sauti yangu nikanyamaza ghafla. Mtoto alipewa karatasi ya kuwa amepita usaili. Niliishika nikaisoma herufi kwa herufi, furaha imenijaa.

Kisha shemegi akasema, "Hebu nione ile orodha uliyoijaza. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kurekebisha. Wanafunga saa kumi."

Mtoto hakusogea.

"Mpelekee," nikasema.

Akampelekea.

"Nani kapanga hivi?"

Shangazi akanigeukia.

"Mimi," nikasema. Nikamweleza habari ya sinia na nyama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Kisha akasema kwa upole, "Shemegi, aliyekaa kwenye sinia hii ni kompyuta. Hajui adabu wala pupa. Anasoma kuanzia juu, kozi ya kwanza ambayo alama zako zinaitosha anakupa hiyo, na hapo hapo anasimama. Ya chini haitazami tena. Huyu kwa alama zake atapewa miaka saba, na usaili wa leo ni kazi bure."

Nilimtazama mwanangu, aliyekwisha rudi chumbani. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na ukaenda mpaka Nizwa?"

"Nilitaka nijue tu kama wangenichukua." Alikuwa anatazama zulia. "Umo edani, mama. Sikutaka kushindana na wewe."

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, maana ningeweza kuiacha hadithi ya sinia ibaki peke yake na kila mtu angeniona mjinga tu, si mbaya. Adabu ilikuwepo. Lakini siku ile nilipotamka "itie ya pili", nyuma ya ulimi kulikuwa na hesabu nyengine: baada ya miaka saba atarudi Ibra, hospitali iko karibu, nyumba haitakuwa tupu. Miaka kumi na moja niliiona ndefu kwa mwanamke anayeanza kulala peke yake.

Nikawaambia hivyo wote, hata aliyekuwa nyuma ya pazia. Sikuwahi kusema jambo kama lile mbele ya shemegi yangu.

Shangazi akanijibu kabla ya wote. "Kumbe nyama ulitaka ule wewe."

"Ndiyo shangazi."

"Afadhali umesema. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tisa na robo.

Mtoto akafungua kompyuta. Ukurasa ukataka tarakimu sita za siri, na tarakimu hizo hutumwa kwa simu iliyoandikishwa. Sote tukakumbuka kwa pamoja ni simu ipi.

Nilikwenda kabatini mwenyewe. Leso ilikuwa imeshika harufu ya kanzu zake. Simu ilikuwa imekufa, tukaichomeka ukutani, tukakaa chini sote watatu tukiitazama, na shemegi nyuma ya pazia akiuliza kila baada ya dakika, "Imewaka?" Ilipowaka ikaanza kutetemeka sakafuni, jumbe juu ya jumbe za miezi miwili, watu wakimuuliza hali, wakimkumbusha harusi, mmoja akimtaka ampeleke Sinaw kununua mbuzi. Mtoto aliziona akaweka kiganja juu ya kioo.

"Usizisome," nikamwambia. "Ngoja tarakimu."

Mara ya kwanza hazikuja. Mara ya pili zilikuja, ukurasa ukakwama, zikapitwa na wakati. Shangazi alikuwa anavuta tasbihi kama anapiga pampu. Mara ya tatu mimi ndiye niliyezisoma, moja moja, kwa sauti, na tarakimu za Kiarabu nazijua sana. Ukurasa ukafunguka. Mtoto akaweka kidole, akanigeukia.

"Kumi na moja, mama?"

"Ipandishe."

Akaipandisha juu. Akahifadhi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

Tangu siku ile simu ya marehemu sikuizima tena. Niliiweka dirishani, kwenye chaji. Zilipobaki siku nne nitoke edani, asubuhi, ikatetemeka. Nikaona Kiarabu kirefu, nikasoma neno la kwanza, ambalo ni pongezi, la pili likanishinda kwa machozi. Nikamwita mtoto. Alikuwa anaanika nguo, akaja na vibanio mkononi. Akasoma kimya, akasoma tena kwa sauti: kozi ya pamoja.

Akampigia ami yake Sur papo hapo, sauti wazi ili nasi tusikie. Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa.

"Ami, umesikia?"

"Nimesikia," akasema. "Sasa hiyo damu yangu unaanza kuitoa lini? Na sindano iwe ndogo."

"Mwaka wa nne, ami, nikiingia maabara. Usife kabla."

"Haya," akasema. "Nimeandika."