Hatii Kidole Mtu Kabla ya Kusomewa

Mpiga chapa wetu, tuliyemwita Mama Taipu, alikaa barazani nje ya ofisi ya ardhi miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakumruhusu mtu kutia kidole kwenye karatasi ambayo hajasomewa. Mimi nilikuwa meza ya pili, kwenye fotokopi, na nakiri alikuwa ananiudhi. Foleni imefika barabarani, yeye anasoma neno kwa neno, utadhani anahutubia mkutano. Akimaliza anaandika chini, "Imesomwa mbele yangu ikaeleweka," anatia saini. Bila saini hiyo karani wa ndani hagongi muhuri.

Ukimuuliza sababu, anakujibu bila kupepesa: mama yake alitia kidole kwenye karatasi aliyoambiwa na mumewe ni ya zahanati, kumbe ni ya kuuza nyumba. Walipotolewa vyombo nje, yeye alikuwa na miaka saba.

Jumatatu moja akaja fundi rangi na mkewe. Mwanamume mcheshi, hata mimi niliye mgumu wa kucheka alinichekesha. Mke alikuwa kimya, kidole gumba kimeshapakwa wino.

"Shemeji, tusichoshane," fundi akasema. "Mke wangu anaelewa kila kitu."

"Basi aelewe tena," akajibu Mama Taipu, akasoma. "Mimi, mke halali, ninakubali nyumba tunayoishi iuzwe, nami sitadai chochote."

Yule dada akaurudisha mkono kifuani. "Si ulisema ni fomu ya shule ya mtoto?"

Fundi hakupandisha sauti. Laiti angefoka ningepata nafuu. Alikunja karatasi taratibu, akatabasamu.

"Shemeji, wewe si unakaa kule nyuma ya kinu cha unga? Mlango wa kijani. Niliupaka mimi."

Walipoondoka nikamwambia Mama Taipu, "Ungenyamaza tu. Mambo ya mtu na mkewe hayo."

"Hayo hayo ndiyo yaliyomlaza mama yangu nje. Kikulacho ki nguoni mwako, bibi wewe."

Nikaona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kesho yake karani akatoka kumwonya kwamba kazi yake ni kupiga chapa, si kuvunja nyumba za watu. Wanaume kwenye foleni wakaitikia, na mmoja akamtemea mate karibu na miguu.

Alhamisi saa tano asubuhi fundi akarudi peke yake. Karatasi ni ile ile, ila sasa alama ya kidole ilikuwa imeshagongwa, wino umeburuzika pembeni kama mkono ulikuwa unavutwa.

"Imebaki saini yako tu."

"Mkeo yuko wapi?"

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"Nimekwambia amelala, shemeji."

Mama Taipu akaitia karatasi kifuani, akaifunika mashine yake kitambaa.

"Saini yangu inasema nimemsomea. Basi nitamsomea huko huko alikolala."

Fundi akacheka, kisha akaacha kucheka. Wanawake watatu wakatoka kwenye foleni wakamfuata Mama Taipu. Na mimi nikafuata, sijui miguu ilipata wapi ujasiri. Anwani ilikuwa kwenye karatasi. Fundi alikuja nyuma yetu, hana haraka hata kidogo.

Tulikuta mlango umefungwa kufuli kwa nje, madirisha yote yamefungwa. Mama Taipu akagonga.

"Mwanangu, ni mimi wa barazani."

Kimya. Akagonga tena. Kimya. Mmoja wetu akaanza kulia. Mama Taipu akaitoa karatasi, akausogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akasoma kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Mimi, mke halali, ninakubali..."

"Sikubali."

Sauti ilitoka chini kabisa, usawa wa sakafu, nyembamba kama ya mtoto.

Nyuma yetu funguo zikalia. Fundi alikuwa ameshafika, anazichezesha mkononi, tabasamu lake liko pale pale. Mama Taipu akanyoosha mkono.

"Lete funguo," akasema.

Hakuzileta. Na sisi watano hatukumpisha.