Bi Rangi na Jina Jekundu la Wifi Yake

Kiwanda kizima cha mashati kilimwita Bi Rangi, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kompyuta, kuingiza idadi ya mashati ya kila fundi, yaliyoshonwa na yaliyoharibika, kisha kuiwekea programu sharti: yakiharibika kupita moja kati ya ishirini, jina liwe jekundu, yasipopita, la kijani. Majina yalitokea kwenye skrini kubwa ukutani, kila mtu akayaona. Wa jekundu, mwezi ukiisha, alifungasha virago.

Akipita, umbea unakatika. Akikaa kwenye benchi kula, watu wanasogea, na si kwa kumpisha.

Mwezi huo jekundu likamwangukia wifi yake. Yeye na kaka yake, ambaye ndiye mume wa Bi Rangi, walishona katika chumba kimoja.

"Kaka yangu umeshamtia kiganjani," wifi alimwambia mbele za watu. "Sasa zamu yangu, siyo?"

Bi Rangi akajitetea kwamba mashine ndiyo inayopiga hesabu. Wifi akachekea puani. "Na mashine nani aliiambia?"

Bi Rangi akarudi kwenye kompyuta. Akaifungua hesabu, akaliona kosa lake mwenyewe. Alikuwa anatafuta kiwango cha kuharibika cha kila siku peke yake, halafu anachukua wastani wa siku hizo. Siku umeme ulipokatika, wifi alishona mashati mawili tu, moja likaharibika. Nusu nzima! Siku hiyo moja ikazichafua zote. Ilitakiwa kujumlisha kwanza yaliyoharibika mwezi mzima, kuyagawa kwa yote yaliyoshonwa, ndipo sharti liulize swali lake.

Akarekebisha. Wifi akawa kijani. Papo hapo, chini kidogo kwenye kompyuta yake, jina la mumewe likageuka jekundu. Yeye aliharibu mashati siku za kazi nyingi. Zile siku za mashati machache, zisizo na kosa, ndizo zilizokuwa zikimsitiri.

Akaweka kidole kwenye kitufe. Angeirudisha hesabu ya zamani, wifi angeondoka, naye Bi Rangi nyumba yake ingetulia. Akabonyeza, hesabu mpya ikaenda ukutani.

Jioni nyumbani alimkuta mumewe kwenye kiti, shati la kazi bado mwilini, hamtazami. Wifi naye alikuwepo, amesimama mlangoni. Shukrani hakuja nayo.

"Kumbe kurekebisha ulikuwa unaweza," alisema. "Ulingoja mpaka umpate na yeye."

Bi Rangi akapakua chakula, akaleta maji ya kunawa. Hakuna aliyenawa.